Mvuje na Mtandao wa Ijumaa

Mtandao ukikatika nyumbani, watu wengine hukimbilia waya. Mimi hunusa kwanza. Wageni wangu hunicheka, nami huwaacha wacheke, maana kisa chenyewe ni kirefu na kina aibu ndani yake, na sijapata kukisimulia mtu mpaka mwisho.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa nimerudi kwa mama, Mkunazini, baada ya kuachwa. Nilirudi na sanduku la nguo na cherehani yangu. Mtoto sikurudi naye, kwa sababu sikujaaliwa. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa katika ofisi moja ya Vuga, na kwa kuwa nilijifunza kompyuta kabla ya wenzangu, mtaani nikawa naitwa mtaalamu. Mtaalamu wa nini, Mungu ndiye ajuaye. Nilijua kuandika barua, kuzima na kuwasha.

Tulizaliwa wawili tu. Mdogo wangu alikuwa ameolewa Maskati. Tangu utotoni watu walikuwa wameshatugawia vyetu: yeye uzuri, mimi akili. Wanaosema hivyo hudhani wametenda haki. Hakuna mtoto wa kike aliyewahi kuambiwa ana akili akalala usingizi mzuri.

Huyo mdogo wangu ndiye aliyetuletea ile kompyuta ya kupakata. Ilikuja kwa mkono wa msafiri, imefungwa ndani ya buibui jipya, na buibui lilikuwa la mama. Kompyuta ilikuwa imeshatumika ofisini kwa mume wake na bawaba za kioo zilikuwa zimelegea, ukikiachia kinaanguka nyuma kama mlevi. Kisha shemeji akatuwekea mtandao. Simu ya nyumba ile iliingia chumbani kwa mama, kwa sababu marehemu baba alipenda kuipokea akiwa amelala, basi na kisanduku cha mtandao kikawekwa humo humo, kwenye kimeza kando ya samadari yake ya kulalia. Kutoka pale mtandao ulitakiwa upite hewani, bila ya waya, uvuke ukuta wa mawe na chokaa uje mpaka ukumbini. Kompyuta yenyewe mama aliikataza kuingia chumbani.

"Kitu chenye jicho hakiingii ninapolala," alisema, akikionesha kile kitundu kidogo cha kamera.

Chumba cha mama nacho kilikuwa hakiingiwi hivi hivi. Ufunguo ulikaa kwenye pindo la kanga yake mchana kutwa, na hata baba, alipokuwa hai, alikuwa akipiga hodi.

Simu ya Maskati, ile ya kuonana kwenye kompyuta, ilikuja kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Siku nyingine zote mama alikuwa mama: kanga iliyopauka, miguu inamuuma, uji hauna sukari, mbona umechelewa, mbona umewahi. Ijumaa alikuwa bibi harusi. Akisha kusali alijifungia chumbani, akatoka na kanga mpya, wanja machoni, anafuka udi. Nani alimkandia miguu Alhamisi? Nani alimpikia ule uji? Lakini mimi sikupata kuvaliwa hata kanga iliyonyooshwa. Paka wa nyumba haingwa, wanasema. Hawakusema kwamba hutazamwa.

Basi tukikaa ukumbini, mama mbele ya kompyuta, mimi ubavuni. Kwa sababu ya zile bawaba ilinibidi nikishike kioo kwa mkono mpaka mazungumzo yaishe. Mdogo wangu alimwona mama, mama alimwona mdogo wangu, na mimi nilikuwa kipande cha meza. "Mwanangu wa Maskati," mama alikuwa akisema, na vidole vyake vinagusa kioo, vinaacha alama ya mafuta ya karafuu ambayo baadaye ni mimi niliyeifuta. "Umenenepa, mashaallah. Nyumba yako ina nuru, mashaallah." Mimi nilishika kioo. Niliona gere, tena gere la kweli.

Kisha mdogo wangu akajifungua mtoto wa kiume.

Ijumaa ya kwanza baada ya hapo alikuja kwenye kioo amejifunga kichwa, macho yamechoka, anacheka. "Subirini nimlete," akasema. Akaondoka, tukabaki tunatazama pazia. Alipokuwa anarudi na kifurushi mikononi, picha ikaganda. Kisha ikawa viraka viraka, kama kanga iliyotobolewa na panya, na sauti ikabaki inakuja kwa vipande: "...ona pua... mama... pua yake..."

"Naam?" mama anaitika. "Naam, mwanangu? Hebu mgeuze!"

Hakuna kilichogeuka. Picha ikafa kabisa.

Roho yangu, nisiseme uwongo, ilitulia kidogo. Mimi kuona pazia tu kulinitosha. Lakini Ijumaa ya pili mambo yakawa yale yale, na ya tatu, na kila mara picha hufa kabla mtoto hajaonekana. Utulivu ule ukageuka kuwa kero. Mtaa mzima ulikuwa unamjua yule mtoto kwa maneno ya mama, rangi yake, nywele zake, kulia kwake, wala mama mwenyewe hakuwahi kumwona. Nami nilitaka kumwona. Nilitaka nijue hasa ninachomwonea mwenzangu gere ni kitu gani.

Juu ya hayo kulikuwa na jambo jingine lililoniuma zaidi. Picha ikikatika, mama hakuilaumu kompyuta. Alinitazama mimi.

"Wewe si mtaalamu?" alisema. "Mwenzio kakuletea kitu, huwezi hata kukitazama?"

Hapo nikaapa kwamba mtandao ule nitautengeneza hata ikibidi niubebe kwa ndoo. Nilijiambia kwamba siku mama atakapomwona mjukuu wake wazi wazi atageuka aseme, huyu ndiye mwanangu aliyenifanyia haya. Neno hilo moja tu nilikuwa nalitaka, na nilikuwa tayari kulifanyia kazi ya punda.

Nikaanza. Nilizima kompyuta nikawasha. Nilitoa betri nikairudisha. Nilifuta mtandao kwenye kumbukumbu yake nikauandika upya, neno la siri na yote. Nilihamisha kiti dirishani, nikakirudisha ukutani. Siku za kazi, asubuhi kabla sijatoka, niliijaribu: vile vistari vinne vya mtandao pale pembeni ya kioo vimesimama vyote, picha zinafunguka, hakuna linalokwama. Ijumaa alasiri, kistari kimoja, tena kinapepesa.

Nikaitia lawama nyumba ya wageni ya jirani, kwamba Wazungu wao wakirudi kutoka Nungwi hufungua kompyuta zao zote pamoja na mawimbi yao yanagongana na yetu. Nikaenda mpaka mlangoni kwao na maneno yangu tayari. Kumbe wiki ile hawakuwa na mgeni hata mmoja. Nikaitia lawama joto. Nikaitia lawama spika ya msikitini, kisha nikaomba msamaha kwa Mola wangu kwa kuifikiria hivyo. Nikamleta na fundi wa Darajani. Alikuja Jumanne, mama akamfungulia chumba akasimama mlangoni kama askari mpaka akamaliza. Fundi akatazama, akagusa, akabonyeza, kila kitu kizima. Akabadilisha kitu fulani kwenye masafa ya kisanduku, akanywa chai.

"Kuna kitu kimebadilika humu nyumbani tangu lilipoanza tatizo?" aliniuliza. "Kabati jipya, kioo kikubwa, friji?"

"Hakuna," nikamjibu.

Kilichobadilika ni kwamba mtoto amezaliwa Maskati, na mtoto wa Maskati hawezi kuharibu mtandao wa Mkunazini. Ijumaa ikafika, picha ikaganda.

Siku hiyo ndipo niliposikia harufu. Mama aliinama kukisogelea kioo, na chini ya udi na mafuta ya karafuu ikanijia harufu kali, nzito, ya kitunguu kilichooza. Mvuje. Kila aliyelelewa mjini kwetu anaujua ule utomvu. Mtoto mchanga hufungiwa kidogo ndani ya kitambaa cheusi mkononi ili jicho la husuda lisimpate, na nyumba yenye mzazi huijua toka njiani kwa harufu yake. Kwetu hakukuwa na mtoto mchanga. Nikafikiri mama ananunua mvuje wa kupeleka Maskati. Hata mvuje, nikasema moyoni, Maskati yote hakuna mvuje mpaka utoke kwetu? Mimi nilipolala na homa mfungo uliopita sikuletewa hata ndimu.

Nilijaribu pia kukisogeza kiti changu mpaka mlangoni kwa mama, mgongo umegusa mbao za mlango wake. Hapo vistari viliongezeka kidogo. Nikajua kasoro iko humo ndani.

"Mama, nipe ufunguo nikitazame kile kisanduku."

"Ukitazame nini? Kinawaka. Nshakitazama mie."

"Dakika moja tu."

"Nimesema kinawaka!"

Mama hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Nikauacha ufunguo, lakini swali halikuniacha.

Ijumaa iliyofuata nilifanya kile ambacho ningekifanya tangu mwanzo kama hasira zisingenipofusha. Niliifungua kompyuta mapema, kabla ya alasiri, nikaiweka mbele yangu na kuvikodolea macho vile vistari. Vinne. Mama akasali. Vinne. Mama akasema anakwenda kuvaa, akaingia chumbani, akarudishia mlango. Nikasikia sanduku linafunguliwa, bangili, chetezo. Vinne bado. Kisha, mbele ya macho yangu, vitatu. Viwili. Kimoja.

Nikainuka. "Hodi," nikasema, na sikungoja karibu.

Mama alikuwa amepiga magoti kando ya samadari, amenipa mgongo. Mikononi alikuwa na kopo kubwa la bati, la biskuti, lile lililokaa juu ya kabati tangu tukiwa wadogo likitunza sindano na nyuzi, na alikuwa amelifunika juu ya kile kisanduku kama mtu anayefunika kifaranga. Midomo yake ilikuwa inasoma. Aliposhtuka akalinyanyua, na ndani ya kopo nikaona kifundo cha kitambaa cheusi kimebandikwa. Harufu ikanipiga usoni.

"Mama, nini hicho?"

"Kopo."

"Nnaona kopo. Linafanya nini hapo?"

Alijaribu kunikasirikia, kwa kuwa nimeingia bila ya kukaribishwa, lakini hakuweza. Alikuwa amekamatwa, na alikuwa mtu mzima, na magoti yalimuuma.

"Nnamfunika mtoto," akasema. "Hajatimiza arubaini yule, na kila Ijumaa anapitishwa humu uso wazi. Mamake mambo ya kwao kayasahau. Nani wa kumfunika kama si mie?"

"Si ungeweka kitambaa?"

"Kitambaa kitaungua. Kinapata moto hicho kidude."

Nikataka kucheka. Kweli, kicheko kilikuwa kimeshafika midomoni, kwa kuwa kwa muda ule nilidhani kisa chote ni hicho, bibi kizee na kopo lake. Nikauliza tu, kama mtu anavyouliza.

"Na jicho la nani, mama? Majirani hawapandi huku juu Ijumaa. Nani anayemwona?"

Mama alilifungua pindo la kanga, akalifunga, akalifungua tena.

"Tumo wawili tu humu ndani," akasema.

Nilisikia chetezo kinatatarika na watoto wanapita chini kichochoroni.

"Jicho langu?"

"Usikasirike, mwanangu. Mwenye jicho hajijui, wala si dhambi yake. Lakini mie nnakuona. Kila Ijumaa nnakuona unavyomtazama mdogo wako. Umeuma meno hivi, na kioo umekikamata kama utakivunja. Yule kapata mtoto. Na wewe Mungu hajakupa. Nifanye nini? Nikutoe ukumbini? Bila ya wewe hata kuifungua siwezi."

Miaka yote ile nilikuwa nikililia mama anione. Kumbe alikuwa ananiona. Alikuwa akikaa pale na wanja wake na kanga yake mpya, anamchekea mwanawe wa Maskati, na jicho moja liko kwangu, linahesabu meno yangu. Nililia, na kilio changu kilikuwa cha hasira, kwa kuwa hakuna uchungu kama kusingiziwa jambo ambalo ni la kweli.

"Basi kopo lako ndilo linalokukosesha mjukuu," nikamwambia.

Nikaenda nikaileta kompyuta mpaka kizingitini, sikuvuka. "Nyanyua." Akanyanyua. Vistari vikapanda. "Funika." Akafunika. Vikashuka. Alirudia mwenyewe mara nyingine, akachungulia, kama anayetazama wali chini ya mfuniko. Kisha akakaa kwenye ukingo wa samadari na kopo mkononi, na nikaona anaelewa: Ijumaa zote zile alikuwa akimficha mtoto asionekane hata kwa macho yake mwenyewe.

"Basi bora nisimwone," akasema.

Alisema kwa upole, kama anayesema bora nisile chumvi. Mjukuu wake wa kwanza. Na hata hapo, Mungu anisitiri, gere halikuniacha. Likaja na swali ambalo mwanamke wa umri wangu hakufaa kuliuliza.

"Na mimi? Mimi nilipozaliwa ulinifunika?"

Mama akanitazama kama nimepata wazimu. "Wewe? Wewe nilikufunika mpaka ukakosa pumzi! Wa kwanza wewe. Bibi yako alinigombeza, akasema huyu humlindi na jicho, huyu unamuua kwa nguo. Mvuje nilikufunga mikono yote miwili. Mpaka ukatambaa bado ulikuwa unanuka."

Maskati haikungoja, kompyuta ikaanza kulia mikononi mwangu.

Tukatazamana. Mama akainuka, kopo bado analo.

"Sema mashaallah," akaniambia. "Ukimwona, kabla hujasema neno lolote, sema mashaallah. Kwa roho yako, si kwa mdomo. Ukiweza hivyo, nalitoa. Ukiwa huwezi, niambie sasa hivi nilirudishe."

Ningeweza kumwambia kwamba mawimbi ya mtandao hayajui husuda. Nilikuwa mtaalamu. Lakini swali lake halikuwa la mtandao, na mimi nilijua.

"Nitajaribu," nikasema.

Tukakaa ukumbini. Nikashika kioo. Mdogo wangu akatokea, mara hii mzima mzima, kila unywele, na nikaona kwamba chini ya macho amevimba na kanzu yake ina doa la maziwa. Akaenda, pazia, akarudi. Akamfunua.

Alikuwa na kipara, amekunja uso, mwekundu kwa kulia, na masikio yake yalikuwa ya marehemu baba, yale yale, yaliyosimama kama vishikio vya sufuria. Hakuna aliyekuwa ameniambia habari za masikio. Gere likanijia tena. Nikangoja mama apige kelele za furaha. Sikusikia kitu. Nikageuza shingo. Mjukuu wake yuko wazi mbele yake kwa mara ya kwanza, na mama hamtazami. Ananitazama mimi.

"Mashaallah," nikasema.

Mama hakutingishika.

Nikarudi kwenye kioo. Mtoto akapiga chafya, akashangaa, akanyamaza. "Mashaallah," nikasema tena, na hilo la pili sikulitafuta, lilitoka lenyewe, na sauti yangu ikakatika katikati.

"Dada!" mdogo wangu akaita. "Leo nnakusikia! Umemwona? Masikio umeyaona?"

"Nimeyaona."

Hapo ndipo mama alipogeuka na kumtazama mjukuu wake. Akalia, akacheka, akagusa kioo kwa vidole vyake vya mafuta, akamwita majina ya wahenga wetu wote. Picha haikuganda hata mara moja. Na lile kopo, ambalo alikuwa amekuja nalo ukumbini, hakulirudisha juu ya kabati. Alilipakata mpaka mdogo wangu akaaga, mkono mmoja juu yake, tayari.